Maji Aliyoyanywa Mama Mkwe

Mume wangu alifariki mvua za masika zikiwa zinaishia, na kiangazi hicho hicho ukoo wake ukanipeleka chemchemi. Yeye alikuwa mtu wa milima ya Kondoa. Mimi ni wa Zuzu, karibu na Dodoma, alikokuja kufanya kazi ya gengi la kutengeneza reli tukaoana. Kwao, matanga yakishaanuliwa, mjane hupelekwa kwenye maji ya ukoo, akanawa uso na miguu, kisha akapewa kibuyu kilichojaa maji hayo. Mwanamume ambaye mjane atampa kibuyu naye akanywa, huyo ndiye atakayemrithi. Mume wangu alikuwa na mdogo wake wa kiume mmoja tu.

Kukataa kulikuwako, lakini mjane aliyekataa alirudi kwao peke yake na mtoto akabaki kwenye ukoo. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Nilikuwa naye huyo, na vyumba viwili vya tofali tulivyojenga mimi na baba yake. Sikutaka kingine chochote, ila sikumwambia mtu.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Serikali ilipofungulia biashara watu binafsi aliacha ualimu, akanunua pick-up iliyokwishatumika, akawa anasomba karanga na alizeti kutoka Kondoa kuleta Dodoma. Alikuja Zuzu alfajiri, yeye na mkewe, kutuchukua mimi na mtoto, pamoja na mama mkwe aliyekuwa kwangu tangu siku ya kuanua matanga. Mkewe alibeba mfuko wenye sabuni tatu za rangi tofauti za kuninawishia. Zamani kidogo tu tulikuwa tukipanga foleni kwa kipande kimoja.

"Dada, chumba cha uani nimekipaka chokaa," akaniambia. "Kina dirisha moja tu, linatazama banda la kuku. Utakuwa unanihesabia mayai."

Alicheka, nami nikacheka kwa sababu sikujua la kufanya. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mimi na mtoto tulikaa nyuma, juu ya magunia matupu. Mama mkwe alikaa mbele mpaka Haneti, lakini barabara ilikuwa mbovu na alianza kutapika. Akahamia nyuma kwetu apate upepo. Alitapika tena, na tena, mpaka akabaki anashika tumbo tu. Maji ya kunywa aliyakataa, akisema yakiingia yatatoka.

Tulipovuka Kondoa mjini nilidhani tutanyoosha moja kwa moja mpaka chemchemi. Badala yake shemeji alisimamisha gari porini, akatupeleka kuona shimo. Ardhi ilikuwa imedidimia hapo kama mtu amekanyaga kifuniko cha sufuria, na kijito cha masika huingia humo kisijulikane kinatokea wapi. Mtoto alitupa jiwe. Tulisikia likigonga mara mbili, kisha kimya. Shemeji akatueleza habari za shimo hilo kwa kirefu, kwa sauti ya darasani.

Baada ya mwendo mfupi akasimama tena. Safari hii ni pango, mwamba uliolala kama paa, wenye picha nyekundu za watu wembamba waliochorwa zamani sana.

"Baba mdogo, mbona hawana nyuso?" mtoto akamuuliza.

"Waliowachora walikuwa na haraka."

"Basi hawakufanana na wewe leo," mama mkwe akasema kutoka kwenye gari.

Hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji alikuwa anachelewesha. Alikuwa anaogopa kufika kama mimi nilivyoogopa, ila hakuweza kusema. Angesema, watu wangemwambia anamkana kaka yake kaburini. Nilimwonea huruma, lakini huruma hiyo haikunisaidia kitu. Njiani kutoka pangoni nilikata shauri kwamba kibuyu nitampa yeye, nikae chumba cha uani, nimlee mwanangu.

Chemchemi inatoka katikati ya mawe, chini ya mikuyu. Baba mkubwa wa ukoo alikuwa anatusubiri, amekasirika kwa kuchelewa kwetu. Mke wa shemeji alininawisha uso na miguu. Sabuni ilimponyoka mara mbili. Kisha baba mkubwa akajaza kibuyu, akakiweka mikononi mwangu.

"Mpe umtakaye," akasema.

Shemeji alisimama ng'ambo ya maji, anatazama viatu vyake. Nikaanza kumwendea. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe katikati ya njia yangu, midomo imempasuka kwa kiu na vumbi. Nilikuzwa hivi: ukiwa na maji mkononi na mbele yako ameketi mkubwa mwenye kiu, humpiti. Nikapiga magoti, nikampa yeye kwanza. Nilitaka apige funda moja, kisha niendelee na safari yangu.

Alikunywa yote. Alikunywa taratibu, ameinua kichwa, mpaka kibuyu kikalia kitupu.

"Mama, hayo hayakuwa yako," baba mkubwa akasema.

"Amenipa."

"Amekosea. Ajaze tena."

"Umemwambia ampe amtakaye. Kanipa mimi, nimekunywa."

"Mwanamke harithi mjane."

"Sasa unataka niyatapike? Nimetapika tangu Haneti, sina kilichobaki."

Mke wa shemeji alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio. Baba mkubwa akanigeukia.

"Binti, ulikusudia nini?"

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Mama mkwe akaniwahi.

"Usimuulize. Mimi niliposimama hapo na kibuyu hakuna aliyeniuliza."

Baba mkubwa alimtazama shemeji, naye shemeji bado alikuwa anatazama viatu, ila mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Haya," baba mkubwa akasema mwishowe. "Yuko chini yako. Na mtoto."

"Watakaa kwao Zuzu," mama mkwe akasema. "Wakikosa kitu wataniambia mimi."

Tulianza kurudi Kondoa jua likiwa bado lipo. Shemeji aliendesha haraka, hakusimama popote, na tulimsikia huko mbele akipiga mluzi. Sikuweza kukaa na jambo lile moyoni, na sikutaka nishukuriwe kwa ujanja nisio nao.

"Mama," nikasema, "nilikuwa nakwenda kwa shemeji. Nilitaka unywe kwanza tu."

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana sikubakiza."

Tangu mazishi nilikuwa sijalia sawasawa. Watu walisema mimi ni jasiri, kumbe nilikuwa na hofu tu, na hofu ilikuwa imejaa kila mahali, haikumwachia mume wangu nafasi. Sasa alikuja. Nilimkumbuka akitoka kazini, nyundo begani, mafuta ya reli kwenye viganja, akimwita mtoto kutoka mbali. Nikalia kwa sauti nyuma ya lile gari. Mtoto alishtuka, na bibi yake akamwambia aniache. Yeye mwenyewe hakunibembeleza. Alishika chuma cha ubavuni mwa gari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika pindo la kanga yangu lisipeperuke, hivyo hivyo mpaka mjini.