Robo ya Kurudisha Nyuma

Nilianza kumshuku mzee mlinzi kwa sababu ya mchicha wake.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Udongo wa uani ulishakuwa vumbi jekundu, maji ya mgao yalikuja siku yalipotaka, na nyuma ya kibanda cha mlinzi palikuwa na matuta mawili ya mchicha wa kijani cha kuudhi. Niliyatazama kila nilipopita. Mtu anayemwagilia hivyo Dodoma, mwezi wa tisa, nilijiambia, ana siri na maji.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne, kando ya barabara ya kwenda Chamwino. Juu kulikuwa na ofisi, chini ghala la madaftari ya shule yaliyopangwa hadi karibu na dari. Kwenye dari hiyo kulikuwa na vichwa vya kunyunyizia maji. Kila kimoja kina kichupa cha kioo ambacho moto ukiwaka hupasuka kwa joto, maji yakamwagika bila kungoja mtu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika, maji yapo.

Sikusomea kazi hii, na afadhali niseme mapema. Cheti changu ni cha kompyuta. Kampuni ndogo iliyoniajiri ilinichukua kuchapa ripoti, na fundi wake alipoondoka bila kuaga, bosi alinitazama akasema, "Wewe si ndiye unayeandika haya kila siku? Basi unayajua." Nikaogopa kusema siyajui. Nilijifunza vali kwa simu, kitandani, kwa video za watu wanaozungumza Kiingereza cha haraka, huku nikichora michoro kwenye daftari. Hofu ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu mkali. Mpaka leo nikifunga mlango wa chumba changu, narudi kuutikisa mara mbili.

Mara moja tu niliharibu kitu kikubwa. Ilikuwa kwenye nyumba ya wageni Kondoa. Nilifungua vali mpaka ikagota, nikaongeza nguvu kwa kuhofia kwamba haijaisha, nayo ikanasa kabisa. Fundi bomba mmoja wa pale, mzee wa Kirangi, aliinasua kwa jasho la nusu siku, akaniambia, "Mwanangu, vali ukishaifungua yote, irudishe nyuma robo mzunguko. Iachie pumzi." Maneno yale niliyashika kama dua.

Pale kwenye jengo la Chamwino, vali kuu ilikuwa imefukiwa uani, kati ya tangi na ukuta. Haikuwa na kitu cha kuonyesha kama iko wazi au imefungwa. Unafungua kifuniko cha chuma chenye kufuli, unashusha ufunguo mrefu wa umbo la T ndani ya bomba, unazungusha. Funguo za kufuli zilikuwa mbili. Mmoja nilikuwa nao mimi, mwingine alikuwa nao mzee.

Kila wiki nilikwenda kukagua vali, na kila mwezi nilifanya jaribio. Unasoma geji inayopima nguvu ya maji, unafungua bomba la kumwagia maji nje, unasoma tena maji yakiwa yanakwenda, halafu unafunga. Mwanzoni geji ilikuwa ikisoma sita, na maji yakienda inashuka hadi tano. Baada ya miezi kadhaa ikashuka hadi nne, kisha tatu. Mwezi ule wa tisa ikaanguka hadi mbili, na nilipofunga ikapanda kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa usingizini. Nilikuwa nimejifunza maana yake. Maji yakiwa yamesimama geji haikuambii kitu, ila yakitembea inakuambia kuna mahali njia imebanwa. Kuna mtu alikuwa akiifunga vali kidogo kidogo.

Na huyo mtu alikuwa na mchicha.

Nilijenga kesi yote kichwani. Bomba la uani alilotumia kumwagilia lilitoka kwenye tangi lile lile, kabla ya vali. Akibana vali, nilijiambia, bomba lake linapata nguvu. Leo najua ni upuuzi, kwa sababu maji yaliyotulia ndani ya mabomba ya dari hayamnyang'anyi mtu nguvu. Wakati ule niliona ni ushahidi. Hata tabia zake nikazigeuza ushahidi. Mbona kila nikifika alikuwa ameshakaa karibu na kile kifuniko? Mbona alikuwa akinitazama sana?

"Shikamoo babu," nilikuwa nikimsalimia.

"Marahaba mchumba. Mbukwa!" aliongeza salamu ya Kigogo. "Leo utarudi mara ngapi, nijue kama nikae au nisimame?"

Nilicheka kwa midomo tu. Nilidhani ananipima, anataka kujua ratiba yangu.

Jumanne moja jioni nilimtegea. Nilishusha tochi ndani ya bomba, na kwa brashi niliyoifunga kwenye ufito nikapaka mstari mweupe kwenye kichwa cha vali, ukielekea sawasawa na mstari mwingine niliopaka kwenye mwili wake. Nikafunga kufuli, nikaondoka. Jumatano asubuhi nikarudi na tochi. Mstari wa kichwa ulikuwa umehama. Ulikuwa umehama robo kamili.

Mtu mwenye akili iliyotulia, robo ile ingemzaba kibao. Mimi nilipiga picha. Nikaituma kwa meneja wa jengo na maneno niliyoyapanga tangu usiku: kuna mtu mwenye ufunguo wa pili anayegusa vali ya moto, na moto ukiwaka leo ghala halitapata maji ya kutosha. Jina sikuandika. Halikuwa na haja ya kuandikwa.

Jibu lilikuja upesi. "Nakuja saa nne. Mzee aanze kukusanya vitu vyake."

Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama uani. Kazi ile alikuwa ameifanya tangu jengo lilipokuwa msingi, na kila mwisho wa wiki alipanda baiskeli hadi kwake Zuzu, kwa mke aliyekuwa na ugonjwa wa miguu. Nilijua hayo yote. Nilijiambia kwamba watu mia wa ofisini ni wengi kuliko mlinzi mmoja.

Alikuja na ufunguo wa T begani kama jembe.

"Mchumba, mbona umekauka? Umefiwa?"

Nikashindwa kuvumilia. "Babu, hii vali unaizungusha wewe?"

Akaushusha ufunguo chini taratibu. Utani ukamtoka usoni.

"Mimi?"

"Kuna mtu anaizungusha. Nimeweka alama. Imehama."

"Mjukuu wangu," alisema, na lile neno mchumba hakulitumia tena siku hiyo, "mimi huyo mtu namjua. Miezi yote hii namtazama. Anamaliza kazi, anafunga, anafika getini. Anasimama. Anarudi mbio, anafungua, anazungusha kidogo, anafunga. Anafika tena getini, anarudi tena. Siku nyingine mara tatu. Nikasema huyu binti ana lake. Labda anatuwekea dawa humo. Ndiyo maana nakaa hapa karibu."

"Nani huyo?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe!"

Nilitaka kubisha, mikono ikanisaliti. Iliukumbuka ule mwendo kabla yangu. Nikifika getini shaka ilikuwa ikinishika: je, nimerudisha robo, au nimesahau? Ya Kondoa itatokea tena? Nilirudi, nikashusha ufunguo gizani ndani ya bomba, bila tochi, nikarudisha robo. Nilikuwa sianzi kwa kuifungua yote, kwa kuogopa kuinasisha. Ilikuwa robo peke yake, kila wiki, mara mbili, mara tatu, ili roho itulie, na kila robo ilikuwa ikiifunga zaidi. Hata ile Jumanne, baada ya kupaka mstari, nilikuwa nimerudi. Kwangu haikuwa kuizungusha vali. Ilikuwa kama kutikisa mlango.

Niliushusha ufunguo na kuanza kufungua. Mzee akahesabu kwa sauti, bila mimi kumwomba. Mmoja, miwili, mitatu. Tulipofika kumi nilianza kulia. Iligota kwenye mzunguko wa kumi na tano.

"Sasa irudishe hiyo robo yako," alisema. "Moja! Halafu nipe huo mti wangu."

Nilifanya jaribio tena. Maji yalitoka kwa kishindo, geji ikashuka hadi tano, na nilipofunga ikaruka hadi sita papo hapo.

Saa nne meneja alishuka garini na bahasha. Mzee alikuwa amesimama kando ya kibanda, kofia mkononi, kwa sababu, baada ya swali langu, alishaelewa bahasha ile ni ya nini. Hakunitazama. Ningeweza kusema vali imerekebishwa, yaishe, mzee aondoke kazini na siri yangu. Nakiri kwamba wazo hilo lilikuja, tena lilikuja na maneno yake yakiwa yamepangwa vizuri.

"Ni mimi," nilisema. "Nimekuwa nikiifunga mwenyewe, miezi yote. Mzee hajaigusa."

Meneja alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. "Wewe fundi?"

"Ndiyo."

Nikaeleza habari ya robo, nikaonyesha geji. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha bahasha garini. Kisha akanyoosha kiganja. "Ufunguo wa kufuli."

Nikauchomoa kwenye pete yangu ya funguo. Hakuuweka mfukoni. Alimpa mzee, akawa na funguo zote mbili.

Kazi sikufukuzwa, ingawa barua ya onyo ninayo. Kila wiki sasa nafika, nasalimia, naomba ufunguo, na mzee anasimama juu ya kichwa changu akihesabu mizunguko. Nikifika getini miguu bado inasita. Nageuka, namwona amekaa juu ya kifuniko, kopo la kumwagilia pembeni yake.

"Nenda!" ananipungia. "Nimekalia mimi."