Usiikane Sakafu Uliyoivunja

Nakumbuka asubuhi moja ya Kisenyi, hapa Kampala, mwanangu Shamim, vyombo vyetu vikiwa nje vimefungwa kwenye mashuka, godoro limeegemezwa ukutani, na mama yangu amekaa juu ya sanduku akimsubiri mwenye nyumba aje kuturudishia dipoziti. Nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaanza, na nilidhani dunia nzima naijua. Asubuhi hiyo ilinirudia jana uliponipigia simu kutoka Bukoto, unalia kwa hasira. Nilikuambia nitakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa unanikata maneno. Sikulaumu, hata mimi nilikuwa hivyo.

Ulisema mwenye fleti amekata karibu dipoziti yote. Amekata rangi, amekata bomba la maji, amekata na ile mbao ya jikoni iliyoungua. Nikakuuliza, hiyo mbao aliiunguza nani? Ukasema, "Baba mkubwa, nikikubali moja atanila zote." Maneno hayo, mwanangu, niliwahi kuyasema mimi kabla baba yako hajajua hata kufunga kamba za viatu. Ngoja nikueleze yalinifikisha wapi.

Babu yako, ambaye hukumkuta, alikuwa fundi wa springi za malori katika gereji za Kisenyi. Tulipanga kwa mzee mmoja wa Kiganda tuliyekuwa tukimwita Ssalongo, maana Waganda humwita hivyo baba aliyezaa mapacha. Alikuwa mtu wa kanisa, mkali wa kodi, mgumu wa kutoa shilingi ya kutengeneza chochote, lakini mlango wetu alikuwa haupiti bila kusalimia. Baba alipofariki, baada ya kuumwa kwa muda mfupi tu, Ssalongo alifika kabla ya ndugu zetu wengi.

Sasa sikiliza jambo hili, kwa sababu nyinyi vijana wa leo mnaoshewa maiti zenu misikitini na hamlijui. Sisi wazee wetu walikuja huku na biashara kutoka pwani, na walikuja na desturi zao. Mtu akifia nyumbani, huoshwa nyumbani, na chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa shimo linaloitwa mfuo, ili maji yaingie ardhini palepale, yasitoke nje yakakanyagwa na wapita njia. Mahali penye sakafu ya udongo ni kazi ya jembe tu. Chumba chetu kilikuwa na sakafu ya saruji. Ami yangu, mdogo wake baba, akasema maji ya kaka yake hayatapita kwenye mtaro wa uchochoroni pamoja na oili chafu za magari. Wakaleta nyundo na tindo kutoka gereji ileile aliyokuwa akifanyia kazi baba, wakaivunja sakafu wakachimba. Ssalongo alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia yake, akatazama mpaka wakamaliza.

Baada ya maziko tulilifukia shimo kwa udongo tukatandika mkeka juu yake. Mama akakaa eda katika chumba hichohicho, akifukiza ubani, hata ukuta wa upande wake ukawa mweusi kwa moshi. Hakuna aliyelala kwenye ule mkeka. Hatukuambiana, kila mtu alipita pembeni tu.

Eda ilipokwisha, kodi ile ilikuwa imetushinda. Dada yake mama alitutafutia chumba kidogo Kibuli, na mwenye chumba akatoa sharti lake: tukileta dipoziti siku ileile, tunachukua ufunguo, tusipoleta, kuna mwingine anakingoja. Sisi pesa nyingine hatukuwa nayo. Dipoziti iliyokuwa mikononi mwa Ssalongo ndiyo iliyokuwa chumba chetu, na akiizuia, mama yangu mjane na wanawe wangelala nje. Ndiyo maana nilikuwa nimeamka na vita kichwani.

Ssalongo alikuja na mwenyekiti wa mtaa. Akaingia, akaukunja mkeka, akagusa ukuta, akatazama juu kwenye bati, akatoka. Nje watu walikuwa wamekwisha kusanyika, majirani na mafundi wa gereji waliomjua baba.

"Mulipoingia nyumba yangu ilikuwa muzuri," akasema. "Sasa angalia. Sementi imevunjika, ukuta imekuwa nyeusi, bati iko na tundu, kufuli haiko. Rangi yote nafanya tena. Pesa ya kurudisha itatoka wapi?"

Nikajua nikikubali moja atanila zote. Kwa hiyo nikakana zote. Nikasema kwa sauti, mbele ya mwenyekiti, kwamba sakafu tuliikuta imevunjika, ukuta tuliukuta mweusi, bati tulilikuta na tundu, na kwamba mzee huyu anataka kula pesa ya yatima. Mafundi wakaanza kunung'unika kwa niaba yangu. Mmoja akasema landilodi wote ni walewale. Nilifurahi, mwanangu, nisikudanganye. Nilihisi nimeshinda.

Ssalongo hakukasirika, na hilo ndilo lililonisumbua. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. "Ssebo," akasema polepole, kwa neno lao la kumwita mtu bwana, "mimi nilikuwa hapa. Si uliniona?"

Kabla sijajibu, mama akainuka kwenye sanduku. Tangu baba afariki alikuwa hajazungumza mbele ya wanaume, na watu walipomwona anakuja walimpisha. Hakumtazama Ssalongo. Alinitazama mimi.

"Abasi, baba yako alioshwa wapi?"

Nikageuza uso kuwatazama mafundi.

"Nakuuliza mbele ya watu hawa. Alioshwa wapi?"

"Pale, mama."

"Pale palikuwa pazima. Tumepavunja sisi, kwa ajili yake, na mimi nimekaa eda yangu yote napatazama. Ukisema tulipakuta pamevunjika, unasema baba yako hakuchimbiwa. Pesa nitatafuta. Baba yako usimfute."

Shamim, nimeshapigwa maishani. Nimeshaibiwa duka zima nikabaki na rafu tupu. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa maneno hayo, na hakuyasema hata kwa ukali. Mafundi wale waliokuwa upande wangu wakaanza kutazama chini, kwa sababu nyundo ilitoka kwao na wao wenyewe walijua.

Lakini bibi yako hakuwa amemaliza, na hapa ndipo ninapotaka ufungue masikio. Wapo watu wanaodhani ukweli ni kuinamisha kichwa na kukubali kila unachoambiwa. Mama aligeuka sasa, akamkabili Ssalongo.

"Sakafu ni yetu," akasema. "Na ule ukuta mmoja ni wetu, ni moshi wa ubani wangu. Hivyo viwili kata. Lakini bati, Ssalongo, mvua zilizopita nilikuita, ukaja ukasimama hapo, ukasema ningoje upate pesa. Nimengoja mpaka leo, tundu ni lako. Kufuli uliichukua mwenyewe ukaifunga kwenye choo. Nenda kaitazame, bado iko. Na kuta zile nyingine zimechakaa kwa sababu watu wameishi humu. Kwako rangi haichakai?"

Kuna mtu alicheka aliposikia habari ya choo, na nadhani hata mwenyekiti alijizuia. Ssalongo alikuna kichwa. Lau mama angekana sakafu, yule mzee angekuwa na haki ya kutoamini lolote jingine. Sasa mtu aliyekubali kosa lake bila kushurutishwa anamwambia habari ya bati, atamjibu nini?

"Bati ni kweli," akasema hatimaye. "Kufuli, haya, ni kweli. Lakini rangi nakata yote, maama. Siwezi kupaka ukuta moja nyumba ikae kama punda milia."

Wakavutana pale juu ya rangi, na mzee hakulegea. Alikata rangi ya kuta zote, na mpaka leo nasema alituonea. Sikuelezi kisa hiki ili uamini kwamba ukisema kweli utapata haki yako yote. Hutaipata yote. Kuhusu sakafu, mwenyekiti akauliza kama kuna anayeweza kuitengeneza, ili kusiwe na gharama ya fundi. Mama akasema, "Abasi ataitengeneza." Ssalongo akakata bei ya saruji na rangi tu, akamhesabia mama iliyobaki mkononi. Ilitosha ufunguo wa Kibuli, kwa shida, na dada yake mama alijazia kidogo.

Basi wengine walipotangulia na vyombo, mimi nilibaki. Nilichota mchanga, nikachanganya saruji kwa beleshi la kuazima, nikapiga magoti mahali palepale nilipokuwa nikipita pembeni kwa miezi yote ile. Siku ya maziko sikulia. Nilikuwa mtoto wa kwanza, watu walinipa mikono wakaniambia niwe mwanamume, nikawa mwanamume. Nilipokuwa nasawazisha saruji ile kwa mwiko, mama amesimama mlangoni anavuta tasbihi, ndipo nilipomlilia baba yangu. Nililia mpaka nikashindwa kuona ninachopaka. Mama hakuniambia ninyamaze. Aliniacha nimalize, na kazi yenyewe ikatoka mbovu kidogo upande mmoja, Ssalongo akaitazama akasema inatosha.

Nilikuwa karibu kuikana sakafu ile kwa maneno mawili matatu ya ujanja. Ningepata pengine pesa zaidi, pengine nisingepata. Lakini nisingepiga magoti pale, na sijui huzuni ile ningeibeba mpaka lini.

Sasa nirudi kwako. Ujumbe ulionionyesha, ule unaotaka kuutuma kwenye kundi la wapangaji ukimwita yule mama mwenye fleti mwizi, ufute. Mwombe mje mtembee pamoja ndani ya fleti, na uwe na mtu mzima mmoja wa kushuhudia, hata mimi nitapanda boda nije, goti likiniruhusu. Anza wewe. Mwonyeshe mbao ya jikoni kabla hajakuonyesha yeye, umwambie, hii niliiunguza mimi. Sema bei ya mbao hiyo ni halali kukatwa. Kisha usimame wima. Bomba lililokuwa linavuja tangu unaingia, mwambie, na umwonyeshe ujumbe uliompelekea wakati ule. Rangi iliyochakaa kwa kuishi, mwambie ni kuishi. Usipandishe sauti, na usirudi nyuma pia. Akikataa, yupo mwenyekiti wa mtaa wenu, mpeleke kwake kwa heshima. Na nyumba utakayohamia, kabla hujatia hata kijiko ndani, izunguke na mwenye nyumba, mtazame kila ufa pamoja na upige picha naye akiona. Kikiharibika kitu, mwambie siku hiyohiyo. Wengi wenu mnanyamaza mpaka siku ya kuondoka, halafu mnataka kukumbuka yote kwa hasira.

Zaidi ya hayo, mwanangu, jua kwamba ulichokiharibu katika nyumba ya mtu mara nyingi ni alama ya maisha yako humo. Mbao uliiunguza usiku ule ulipokuwa ukimpikia uji mama yako alipokuwa mgonjwa, ulinihadithia mwenyewe. Usiikane. Ilipe, na uondoke ukiwa na ukumbusho wako.

Mungu akufungulie milango ya heri. Akupe mwenye nyumba mwenye utu, na akikupa mgumu, akupe ulimi wa bibi yako. Kila nyumba utakayotoka, utoke ukiwa umeacha jina lako likiwa safi nyuma yako, uweze kupita tena mbele ya mlango ule na kubisha hodi, wakuitikie karibu. Amina.