Kapinga wa Kwenye Fomu

Aibu hii ni yangu, wala simsukumii mwingine.

Nilipokuwa karani wa kampuni moja ya shaba upande wa Kinsevere, kila mwaka tulijaza fomu ya familia, majina ya watoto, umri wao, na ada ya crèche, yaani shule ya chekechea, kwa wadogo, ili tupunguziwe kodi kwenye mshahara. Kitindamimba wetu, Kapinga, alikufa kwa malaria akiwa na miaka miwili. Fomu ilipofika mwaka ule, mkono ulikataa kumruka (nilijiambia ni huzuni, ila kodi nayo niliifikiria, nisidanganye tena), nikaandika: Kapinga, miaka mitatu, crèche. Mwaka uliofuata, minne. Halafu mitano. Nikaanza hata kujiuliza sasa ana kimo gani.

Mke wangu hakujua lolote.

Ikaja sikukuu ya Mtakatifu Nikola, siku kampuni inapowagawia zawadi watoto wa wafanyakazi kwa kufuata fomu zile, nami, niliyeikwepa tangu msiba, sijui kilichonishika, nikamwambia mke wangu safari hii twende wote. Odia, binti yetu mkubwa, alipokea yake, tukapiga makofi. Kisha kipaza sauti kikaita:

«Kapinga, mutoto wa Papa Odia, miaka tano, crèche!»

Nikainama kufunga kamba za viatu (viatu vyangu havikuwa na kamba). Kikaita tena. Jirani akacheka, «Papa Odia, mutoto yako analala?»

Mara ya tatu mke wangu akasimama. «Iko hapa,» akasema. Akapita kati ya viti, mkono wa kulia ameuteremsha kando, vidole vimekunjwa, na watoto wakampisha. Nawaapia, walipisha nafasi ya watu wawili.

Mgawaji akatazama chini, akatazama nyuma ya mke wangu. «Mama, mutoto iko wapi?»

«Uliza papa yake. Yeye njo anamulipiaka crèche.»

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Zawadi ilikuwa viatu vidogo vyekundu. Mke wangu aliviweka mlangoni kwetu, mtaa wa Makomeno. «Usibiguse. Ulimukomalisha kwenye fomu peke yako, umungojee peke yako.»

Kesho yake nilikiri ofisini, nikakatwa mshahara, nikachekwa hadi nilipostaafu. Nilistahili. Leo Odia ana watoto, na akiniomba nimsaidie fomu yake, nawaita wajukuu mmoja mmoja, nawagusa kichwa, ndipo naandika umri.

Halafu natoka, nikivivuka vile viatu. Havina vumbi, na mke wangu anasema si yeye anayevifuta.