Nilivyopiga wimbo wa picha ya Kihindi kwenye harusi ya Aikande

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinikuta mwenyewe, na nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Daftari langu la 1993 linasema: Jumamosi, mwezi wa saba, ukungu na manyunyu tangu asubuhi.

Nilikuwa napiga tarumbeta kwenye bendi ya usharika, kanisani kwetu. Shule niliishia la saba. Aikande alikuwa mwanakwaya, na nilimpenda miaka mitatu bila kumwambia.

Jumamosi hiyo bendi na wanakwaya tulishuka mjini, Majengo, kuangalia video ya picha ya Kihindi. Mpiga zumari anampenda binti, hasemi. Binti anaolewa, jamaa anapiga wimbo wa huzuni harusini mpaka bibi harusi anaelewa yote. Watu walilia. Mimi nilijifanya nafuta jasho, na baridi ile.

Tukiwa tunapanda kurudi, Aikande akasema, "Yule kaka mzito. Si angesema tu?"

Nikamjibu ndivyo picha zilivyo. Sidai alikuwa ananingoja. Hakuniambia, na hayupo hapa ajitetee.

Mwaka uliofuata akaolewa na fundi seremala. Mtu mwema, sina la kumsema.

Bendi yetu ndiyo iliyopiga. Maharusi wanatoka kanisani, nikaacha wimbo tuliofanyia mazoezi nikaanza ule wa kwenye picha. Taratibu, peke yangu.

Wakuu, kwetu tarumbeta likilia hivyo ni msiba. Akina mama wakaacha kucheza. Bibi mmoja akauliza, "Nani amefariki?"

Aikande hakuelewa nilichotaka aelewe. Aliogopa tu.

Wiki nzima nikasikia mama mkwe wake anasema ndoa imeingia mkosi. Hapo nikakata jani la sale, lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hakunyimi msamaha, nikaenda kwa wakwe zake Aikande.

Nikawaamkia, nikasema mbele ya wote: mkosi si wa ndoa, ni wangu. Nilimpenda Aikande nikashindwa kusema, nikaiga picha.

Aikande akasema, "Kumbe unaweza kusema."

Mumewe akapokea jani. "Sale halikataliwi, kaka. Kaa."

Nilichojifunza: picha iliishia kwenye wimbo, haikuonyesha nani anakwenda kuomba radhi. Kama nawe uliwahi kukaa na neno mpaka likachacha, karibu useme. Anayeniona mjinga pia aseme, sitabisha.

Jioni ile tulikula kiburu, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Mama mkwe ndiye aliyenipakulia.