Buti za Askari wa Kirotshe

Juma lililopita, hospitalini Kirotshe, nilikaa kwenye benchi kati ya askari kijana na mama mkulima kutoka vilima vya Masisi. Askari alingoja mkewe ajifungue, mama alimngoja binti yake.

Redio ikatangaza kwamba nchi moja ya ng'ambo imesimamisha msaada kwa jeshi letu, magari hata buti, mpaka askari waliotesa raia wahukumiwe.

Kijana akanyoosha mguu. Buti lake lilifungwa kwa kamba ya mgomba.

"Mama, ona. Wengine njo walipiga bantu, raia wetu, lakini mimi njo nitatembea miguu wazi. Hii iko haki?"

Mama akalitazama buti lile kwa huruma.

"Mutoto wangu, mimi njo nilisema. Wenzako walimupiga bwana yangu, wakamuvunja mukono. Watu wa haki za binadamu walipokuya kuuliza, sikuficha."

Nikajivuta nyuma, maana nilikuwa katikati yao.

Askari akavua kofia. "Pole, Mama. Ulisema muzuri." Kisha akaongeza taratibu, "Wakirudi, uwaambie sisi wengine hatupigi."

"Nitawaambia, Papa," mama akajibu, sasa akimwita kwa heshima kama baba wa nyumba.

Muuguzi akatokea, akamwita askari: mtoto wa kike! Kijana akakimbia, soli ikipigapiga sakafuni. Mama akapaza sauti, "Polepole, utaanguka!" Akacheka mpaka akafuta machozi.

Mimi nayaunga mkono masharti yale. Ila tangu siku hiyo naomba mahakama ifanye haraka.