Bila Mkwaruzo

Sijawahi kuona watu wazima wakijisumbua kama wale wageni walioleta magari ya mashindano Ifakara. Walifika siku mbili kabla, magari yamebandikwa stika mpaka kwenye vioo, wakaanza kutembea kwa miguu kwenye barabara ile ile tunayoipita kila siku na baiskeli za magunia. Wanapiga picha kila kona. Wanaandika kwenye vidaftari. Mmoja alichuchumaa pale Mlabani, mbele ya mashine ya kukoboa, akapapasa lami kwa kiganja, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Mimi nilikuwa nashusha mpunga wa watu. Nilicheka mpaka mwenye mashine akatoka nje kuuliza kuna nini.

Mzunguko wenyewe ulikuwa hivi: unaanzia Mlabani, unatoka na lami, unakata kulia kuingia njia ya vumbi katikati ya mashamba ya mpunga, halafu unarudi kwenye lami na kumalizia ulipoanzia. Mara tatu. Kile kipande cha mashambani kilichongwa na greda wiki hiyo hiyo na hakuna mwenyeji aliyewahi kukipita kwa gari. Wageni waliruhusiwa kukijaribu. Sisi wenyeji tulitengewa kundi letu la magari ya kawaida, ili sherehe inoge, tukaambiwa hatuhitaji mazoezi kwa sababu tuko nyumbani. Aliyetuambia hivyo alikuwa na kipaza sauti na miwani ya jua, na nina hakika hakujua hata mto uko upande gani.

Sikujiandikisha kwa ajili ya kombe. Kombe lenyewe lilikuwa la plastiki. Nilijiandikisha kwa sababu ya pikapu.

Ilikuwa pikapu ya baba. Alipofariki niliendelea kuiendesha kama nilivyokuwa nikiiendesha akiwa hai, kubeba mpunga kutoka Idete kuja mashineni, na ndiyo iliyokuwa inanilisha mimi na mama. Kuendesha nilifundishwa kambini Chita nilipokwenda jeshini, kwenye lori ambalo usukani wake ulihitaji mabega mawili. Lakini arobaini ya baba ilipopita, baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo akatangaza kwamba pikapu iuzwe. Hoja yake ilikuwa moja: mwanamke ataigonga. Leo, kesho, ataigonga tu. Baba mdogo mwenyewe hajawahi kushika usukani wa kitu chochote chenye injini. Anaendesha baiskeli, na hiyo baiskeli nimewahi kumwona akiiangusha ikiwa imesimama.

Kaka zangu walichezea simu zao. Aliyesema ni mama mdogo, mke wake, aliyekuwa anapita na birika la chai. "Mwacheni mtoto aendeshe," alisema. "Lini ameigonga?" Baba mdogo alimwangalia kana kwamba birika ndilo lililozungumza. Akasema wanaume wanajadili. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, sikuwa mwanamume, na kilichokuwa kinajadiliwa ni riziki yangu.

Sasa, baba mdogo alikuwa mjumbe wa kamati ya maandalizi ya zile mbio. Kazi yake ilikuwa kuvaa kitambulisho shingoni. Kila gari lilitakiwa kuwa na mtu wa pembeni wa kumsomea dereva njia, na nadhani hapo ndipo alipopata wazo. Akanijia na sharti lake. Nishiriki mbio, yeye akae pembeni yangu kama msoma ramani. Pikapu ikirudi bila mkwaruzo, ni yangu, na atatamka hivyo mbele ya ukoo. Ikirudi na mkwaruzo hata wa ukucha, inauzwa Jumatatu; mnunuzi ameshapatikana. Alilitoa sharti kwa sauti ya hakimu. Mimi niliona mzee anayetaka kupanda gari la mashindano bure. Nikakubali.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta amesimama kando ya pikapu, amevaa koti la suti la kanisani na helmeti ya bodaboda isiyo na kioo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umekagua mafuta?"

"Nimekagua."

"Kagua tena."

Mkononi alikuwa na karatasi ya kamati yenye mishale ya kona zote. Baba mdogo ndiye anayesoma somo la kwanza kanisani, na sauti anayo moja tu ya kusomea. Nilijua nina kazi.

Wageni walitangulia. Walipita kwa kelele na moshi, watu wakashangilia, wakamaliza mizunguko yao mitatu, wakavua helmeti na kuanza kupigana picha. Ndipo tukaitwa sisi, magari manane: mwalimu mmoja na kigari chake, mwenye gesti na gari lenye spika kubwa nyuma, na wengine wa namna hiyo. Watu walianza kuangua kicheko tangu tulipopanga mstari. Wengine wakaanza kuondoka kabla bendera haijashushwa. Kwao mbio zilikuwa zimekwisha.

Bendera ikashuka, na ndani ya dakika moja nikagundua kwamba siijui barabara.

Ninasema hili kwa uchungu kwa sababu nilikuwa nimewacheka watu. Barabara niliyoijua mimi ilikuwa na watu. Kona ya kwanza niliijua kwa fundi baiskeli anayekaa nje ya kibanda chake, ukimwona, unapunguza. Tuta nililijua kwa mama wa vitumbua. Daraja dogo nililijua kwa namna wenye baiskeli wanavyoshuka na kusukuma. Wote hao walikuwa wameondolewa, wamewekwa nyuma ya kamba. Ilibaki lami tupu, iliyofagiwa, inayoteleza kwenda mbele, na mimi niko gia ya nne mahali ambapo maisha yangu yote nimepita na ya pili nikipiga honi.

"Kona," alisoma baba mdogo, "ya kulia. Kali."

Tulikuwa tayari ndani ya kona. Niliiingia kwa kasi mno, mkia wa pikapu ukachomoka, nikaona nguzo ya umeme ikija dirishani kwake, nikauachia usukani kidogo kama tulivyofundishwa, ikarudi. Baba mdogo hakuiona nguzo. Alikuwa anatafuta mstari unaofuata.

"Nyoosha," akasoma. Tulikuwa kwenye kona nyingine.

Kwenye njia ya vumbi ndiyo usiseme. Greda lilikuwa limeacha mchanga laini juu na udongo mgumu chini, mitaro ya maji pande zote mbili, na kila tuta la shamba limefanana na lenzake. Niliingia pale kama mgeni kabisa, mgeni kuliko wageni, maana wao angalau walikuwa na vidaftari. Nilikitamani kidaftari. Nilitamani ningekuwa nimechuchumaa mimi nikapapasa ule udongo. Nilimaliza mzunguko wa kwanza nikiwa wa saba kati ya wanane, na wa nane alikuwa mwenye gesti, aliyesimama kwenye mtaro muziki ukiendelea.

Mzunguko wa pili nilimwambia baba mdogo anyamaze.

"Unasemaje?"

"Nyamaza, baba mdogo. Tafadhali."

Alinyamaza kwa mshangao. Na hapo ndipo nilipoanza kuiona barabara yenyewe. Kona ya kwanza ina mteremko mdogo wa kukupeleka nje, usipouheshimu unakutupa. Kwenye vumbi unatakiwa kukanyaga mafuta pale ambapo akili inakwambia ukanyage breki. Nilimpita mwalimu. Nilipita magari mengine manne, na mmoja wa madereva hao alikuwa ndiye aliyeniambia wakati wa kupanga mstari kwamba nikae nyuma nisije nikaumia. Nilimpungia mkono. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu baba aanze kuugua, na sioni aibu kuisema. Pikapu haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mzunguko wa tatu tulitoka mashambani, tukarudi kwenye lami, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwetu. Nilizunguka kona ya mwisho kabla ya Mlabani, na mbele yangu barabara nzima ilikuwa mpunga.

Maturubai matatu, yametandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, mpunga umesambazwa juu yake mwembamba na mzuri. Hapa kwetu ukiona mahali pasafi, pakavu, pasipopita gari, unaanika. Lami ilikuwa imefagiwa kwa ajili ya wageni, barabara imefungwa, jua limetoka. Aliyeanika alikuwa ameambiwa na mtu wa kamati, mtu mwenye kitambulisho shingoni, kwamba magari ya mashindano yakishapita barabara ni yake mpaka mchana. Yalikuwa yamepita. Hizi pikapu na vigari vya walimu hakuna aliyezihesabu; zilipopita mara ya pili alidhani zimemaliza, akatandaza.

Upande wa kulia alisimama mama mdogo na reki yake. Niliuona uso wake wote, jua limempiga, na mikono yake miwili aliyoinyanyua juu.

"Mpunga wangu!" alipiga kelele baba mdogo. "Mpunga wangu! Kwepa! Pita kushoto!"

Kushoto palikuwa na nafasi. Ninataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye nililieleza vinginevyo kwa kila mtu. Palikuwa na ukingo wa changarawe unaotosha pikapu, wenye alama mbichi za tairi za gari moja lililotutangulia, na pembeni yake ua wa michongoma. Ningekwepa, miiba ingechora mlango wa upande wa baba mdogo kutoka mwanzo hadi mwisho, basi. Hakuna ambaye angeumia. Nilikuwa na muda wa kuliona lote hilo, na nilikuwa na muda wa kufikiri: mzee huyu huyu aliyeweka sharti la mkwaruzo sasa ananiamuru nijikwaruze ili mpunga wake upone, na Jumatatu atauza gari. Nilimwonea dharau ambayo sijawahi kumwonea mtu. Ilinijaa mpaka kwenye mguu.

Nikanyoosha.

Turubai la kwanza lilitoa sauti ya kitambaa kinachochanika. La pili lilijiviringisha kwenye tairi la nyuma na kuburutwa. Mpunga uliruka ukapiga kioo cha mbele, ukaingia dirishani, ukamjaa baba mdogo kwenye mapaja na ndani ya helmeti. Pikapu iliyumba kidogo tu. Nilimaliza wa pili.

Waliikagua pale pale, kaka zangu wawili, mama, na baba mdogo mwenyewe akipapasa mabati kwa vidole, akiinama, akirudia. Nilisimama nimekunja mikono. Hakupata kitu. Ilibidi atamke, mbele ya watu, na punje za mpunga bado zinamdondoka kwenye koti. Aliongea kwa sauti ya chini nikamwomba arudie. Akarudia. Huo ulikuwa ushindi wangu na niliufaidi mpaka jioni.

Jioni mama aliniambia kwamba ule mpunga haukuwa wa baba mdogo.

Ulikuwa wa mama mdogo, wa shamba alilokodi mwenyewe kule Idete na kulilima kwa mikono yake. Tena haukuwa wa kula. Ulikuwa wa mbegu. Alikuwa ameuchagua suke kwa suke kwa ajili ya msimu unaokuja, na punje ikishapasuliwa na tairi haioti. Mpunga wangu, alisema baba mdogo, na mimi nilimwamini, mimi ambaye sikuwa nimemwamini jambo lolote maishani mwangu.

Nilikaa siku tatu bila kwenda. Siku ya nne nilikwenda na pikapu yangu. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa mkekani, amezungukwa na lile fungu lililochanganyika na mchanga wa barabarani. Alikuwa anapepeta kiasi kidogo kidogo, kisha anainamia ungo na kutenga punje moja moja: nzima huku, zilizopasuka kule. Fungu la nzima lilikuwa dogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikakaa. Nikavuta mchanganyiko kidogo mbele yangu nikaanza kuchagua. Hakuniuliza nimefuata nini. Aliniambia kwamba amewasimulia majirani wote nilivyopita. "Hukuyumba," alisema. "Wanaume wote wale, na wewe hukuyumba."

Vidole vyangu havikuwa na ustadi wake. Nilikuwa natupa nzima pamoja na mbovu, na yeye alikuwa anazifuata na kuzirudisha bila kusema kitu.

"Nilimwambia baba yako mdogo," akaendelea, macho kwenye ungo, "mtoto hakuniona. Jua lilikuwa linampiga machoni. Angeniona, angekwepa." Akatupa punje moja kule kwa zilizopasuka. "Si ndivyo?"

Jua lilikuwa nyuma yangu. Lilikuwa linampiga yeye, na hakuna mtu duniani aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye.

"Ndivyo, mama," nikasema. "Sikukuona."

Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia mpunga mwingine.