Nyumba ya Mama na Pango Lake

Niliiona nyumba ya mama ikiuzwa nikiwa na pini mdomoni. Mimi hushona mapazia mjini Voi, na wateja wangu wengi ni wenye magesti ya kando ya barabara kuu. Mmoja wao, mwenye gesti pale Miasenyi, alinitumia tangazo kwa simu akiniuliza kama nayajua maeneo yale ya milimani, kwa kuwa alikuwa amechoshwa na joto na vumbi la malori na alitaka kufungua tawi penye baridi. Nikatazama picha. Kuta za mawe, bati jekundu lililopauka, migomba nyuma ya jiko, na barazani kiti cha mama, kile chenye mguu uliofungwa waya.

"Nyumba ya mlimani," tangazo lilisema. "Hewa safi, mandhari ya kuvutia, maji ya mserereko. Inafaa sana kwa wageni wa wikendi." Nilitema pini nikacheka. Mandhari ya kuvutia! Sisi tuliokulia pale juu ya Wundanyi, mandhari tuliyoijua ni kilima cha kupanda na ndoo kichwani, na ukungu usiokuruhusu kuona hata choo kiko wapi. Kisha nikafika mstari wa mwisho, kicheko kikakatika. "Ina pango la asili, zuri kwa kupiga picha."

Niseme wazi pango lile ni nini. Zamani, kabla makanisa hayajatushika vizuri, mzee wa ukoo alipofariki alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa likapelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa safu moja na wenzake. Huko ndiko watu walikokwenda mvua ikigoma au nyumba ikiandamwa na maradhi. Sisi Wadawida tuna mapango hayo huku na huku milimani, na letu liko chini ya shamba la mama, nyuma ya mwamba, karibu kiasi cha kusikia mtu akiita. Lakini wazazi wangu walikuwa watu wa kanisa, na mambo hayo hayakutajwa nyumbani. Watoto tuliambiwa jambo moja tu: huko kuna nyoka. Mimi nilikuja kuambiwa ukweli na shangazi, nilipokwisha kuolewa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye namba yake ndiyo iliyokuwa kwenye tangazo, alitoka nyumbani kwenda shule ya bweni, akatoka shule kwenda kazini bandarini Mombasa, na hakuna aliyemkalisha chini. Kwake yeye pango lilikuwa pango, na nyoka walikuwa hadithi za kutishia watoto. Hivyo ndivyo mtu mzima na akili zake alivyowatangaza babu zake kama kitu cha kupigia picha.

Nilimpigia simu hapo hapo, hata salamu sikutoa.

"Wewe umewauza wazee!"

"Dada, pole pole. Nimeuza wazee gani?"

Nikamweleza kuhusu pango, kwa maneno machache na kwa sauti kubwa, mpaka fundi wa viatu wa jirani akainua kichwa. Kisha mdogo wangu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Si mlisema ni nyoka?"

Angekuwa karibu ningemzaba kofi, ingawa nusu ya haki ilikuwa yake. Aliahidi kulifuta pango kwenye tangazo. Lakini nyumba hakukubali kuifuta.

"Hiyo nyumba inaoza, dada. Kila mvua ni mimi napigiwa simu, bati limeng'oka. Mama yuko kwako. Wewe mwenyewe umelala huko lini? Sasa kuna mtu wa Nairobi anaitaka, mtu mzuri, ataitengeneza, atakaribisha wageni. Ubaya uko wapi?"

Nikakata simu. Ndivyo nifanyavyo nikishindwa.

Mama alikuwa kwangu tangu alipoteleza kwenye njia ya shambani akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, akawa anatembea na fimbo, lakini mimi nilikuwa nimeamua kwamba milima na yeye basi. Aliichukia Voi kwa adabu. Hakulalamika, alisema tu kwamba maji ya huku yana chumvi, kwamba kuku wa huku wana kelele, kwamba upepo wa huku unatoka jikoni kwa mtu. Kila alipofika mtu kutoka Wundanyi alimuuliza kwanza kama kule kumeamka na ukungu. Akiambiwa ndiyo, uso ulimlainika.

Nilimweleza kuhusu tangazo nikitegemea moto. Hati ya shamba bado ilikuwa kwa jina la marehemu baba, na bila mama kukubali hakuna kitu kingesogea. Nilitaka aseme "hapana" moja kubwa, mambo yaishe. Badala yake aliweka kikombe chini akafikiri.

"Nikikataa, nani ataishi mle?"

"Ni nyumba yako, mama."

"Nyumba isiyo na moshi si nyumba. Wewe una kazi yako huku. Mwenzio ana watoto wake Mombasa. Mimi umeninyima kurudi. Sasa nyumba inamngoja nani?" Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya mchicha. "Akija mtu wa kuwasha moto mle, mwacheni awashe."

Hofu ilinishika. Ni kweli nilikuwa sijalala katika nyumba ile kwa muda mrefu. Lakini nilikuwa naishi Voi kama mtu aliye safarini, nikijua kwetu kupo. Ikiondoka ile nyumba ningekuwa mtu wa mji wa barabarani, basi. Nilitaka ibaki, na sikutaka mama arudi kuishi humo. Mambo hayo mawili niliyashika kwa pamoja kila siku wala sikuona kama yanagongana.

Yule mtu wa Nairobi alikuwa mwangalifu. Alisema hatanunua mpaka ajue atapewa leseni ya kulaza wageni, na afisa wa kaunti akasema kabla ya leseni lazima majirani wasikilizwe. Mkutano ukaitishwa katika ukumbi wa kanisa. Tulipanda mimi na mama kwa gari la kukodi, yeye mbele kwa ajili ya nyonga. Tulipopita Mwatate na barabara ikaanza kujikunja, akashusha kioo, akakataa kukipandisha ingawa mimi nyuma nilikuwa natetemeka.

Ukumbi ulijaa; mdogo wangu alikuwa amefika kutoka Mombasa, na yule mtu wa Nairobi naye alikuwepo. Afisa, kijana mwenye sauti ya upole, alieleza masharti: leseni ya biashara, ukaguzi wa afya, choo kinachofaa, kizima moto, na jina la kila mgeni liandikwe. Watu walisikiliza kwa heshima, maana hayo hayakuwahusu. Alipouliza kama kuna maoni, ukumbi ukafunguka kama bomba lililopasuka. Kulikuwa na nyumba nyingine juu ya mlima ambayo mwenyewe aliinunua, akaikodisha kwa wageni wa siku mbili tatu, naye akabaki zake Nairobi. Ufunguo uliachwa chini ya chungu cha maua. Wageni wakaja na spika kubwa, wakaoga mpaka tangi la maji la watu wa chini likakauka, na alipotafutwa mtu wa kulaumiwa, palikuwa na chungu cha maua tu.

"Mgeni hatumkatai," alisema jirani yetu, mama mtu mzima wa ukoo wetu, ambaye shamba lake linapakana na la mama. "Tangu lini mtu wa huku amemkataa mgeni? Tunakataa mgeni asiye na mwenyeji. Mtu anafika, hana wa kumwambia karibu, hana wa kumwambia nyamaza. Mnataka alelewe na nani, na mbwa wetu?"

Watu wakacheka, lakini makofi yaliyofuata hayakuwa ya mzaha. Wakakubaliana pale pale, na afisa akaandika: nyumba ya kulaza wageni katika kijiji kile lazima mwenyeji aishi kwenye boma lenyewe. Kisha jirani akasimama tena, safari hii akisitasita. Akamtazama mama, akamtazama mchungaji, akatazama chini.

"Na lile pango," akasema. "Nalo linauzwa?"

Ukumbi mzima ukaanza kukohoa. Nusu ya watu mle wana damu moja na wale walioko pangoni, na wote walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Mdogo wangu akawa anachunguza viatu vyake. Mnunuzi, mtu wa makamo mwenye koti la mvua jipya, akauliza kwa unyenyekevu kama ameruhusiwa kujua pangoni kuna nini. Hakuna aliyemjibu. Sisi tumezoea kunyamaza kuhusu jambo lile hata tumesahau kwamba kunyamaza si jibu.

Mama akasimama kwa fimbo yake. "Kuna baba ya baba mkwe wangu," akasema, "na ndugu zake, na waliowatangulia. Vichwa vyao. Mimi ni Mkristo na sijawahi kuwaomba kitu. Lakini niliolewa nikawakuta, na nimepalilia shamba lile maisha yangu yote bila kuwapa mgongo wa dharau. Watoto wangu niliwaambia ni nyoka. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Leo sioni aibu."

Mchungaji hakumkemea. Baadaye niliambiwa babu yake naye yumo kwenye pango la upande wa pili.

Mnunuzi alivua kofia. "Mama," akasema, "kwetu makaburi hayauzwi, na mimi siishi huku, wala siwezi kuhamia. Hii nyumba si yangu." Alikwenda kumpa mkono mdogo wangu, akaaga, akatoka kwenye mvua. Nilimpenda ghafla, mtu niliyekuwa nimemchukia wiki nzima.

Ningeweza kufurahi. Lakini mdogo wangu alinigeukia akauliza kwa sauti ya chini, bila kejeli, "Sasa? Inaendelea kuoza?" Na afisa, ambaye alikuwa hajafunga faili lake, akasema kwamba kama familia yenyewe ingependa kulaza wageni, ombi lile lile lingeweza kusikilizwa pale pale, kwa masharti yale yale. Aliuliza tu mwenyeji atakuwa nani.

Mdogo wangu akanitazama. Nilifikiria cherehani yangu, mume wangu, wateja wangu. Kisha nikaona mkono wa mama uko juu, umenyooka kama wa mtoto wa shule anayejua jibu.

"Mama, hapana," nikasema mbele ya watu wote. "Na nyonga?"

"Nyonga inauma Voi, na huku inauma. Afadhali iumie kwangu."

"Nani atakuchotea maji?"

"Mimi nitakuwa napita," akasema jirani, "na wageni nao wana mikono."

Nikafungua mdomo tena. Nilikuwa na mengi ya kusema, kuhusu utelezi na baridi na daktari aliye mbali, na yote yalikuwa kweli. Lakini mama alinitazama, na katika uso wake niliona kitu ambacho sikukiona hata siku moja katika nyumba yangu, licha ya kitanda kizuri nilichomnunulia. Alikuwa anatarajia kitu. Nilikuwa nimemtunza vizuri sana, na hakuwa na cha kungoja. Nikaufunga mdomo. Iliniuma, nami siwezi kusema haikuniuma.

Kazi ilikuwa nyingi baada ya hapo. Mdogo wangu alikuja na mafundi wawili akabadilisha bati lote, na siku ya mwisho mama alimpeleka pangoni. Walishuka pole pole, yeye na fimbo na mwanawe. Waliporudi, mdogo wangu akaenda kujenga ua mdogo wa miti wa kuzuia mgeni asipotee njia akaangukia huko. Hakuweka kibao. Mkaguzi wa afya alikikataa choo mara ya kwanza, mama akamlisha kimanga chake cha muhogo na maharage ya kupondwa, akakikataa tena, na mama akamheshimu zaidi. Leseni ilipotoka aliitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake.

Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke vijana kutoka Nairobi na mtoto wao mchanga. Kabla hawajashusha mizigo mama alishawauliza ni watoto wa nani, wanasali wapi, na kwa nini mtoto hana kofia. Chakula cha jioni kilitanguliwa na sala ndefu. Walipoondoka waliandika kwenye mtandao kwamba mwenyeji ni mkali kidogo na kwamba watarudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu, na mimi nilikuwa nalisema hilo maisha yangu yote bila kulisikia. Siku hizi mama anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, na fimbo mara nyingine anaisahau huko.

Jumapili iliyopita nyumba yangu ilinizidi ukimya. Chumba chake bado sijampa mtu. Mchana nikampigia simu, nikasikia vyombo, sauti za watu, mtoto akilia, mtu akicheka kwa Kiingereza.

"Mama, habari za huko?"

"Nzuri. Siwezi kuongea sasa, nina wageni."

"Dakika moja tu, mama. Nimekukumbuka."

"Wewe si mgeni," akasema. "Wewe utangoja." Na akakata simu.